Mapigo Yaliyogawanyika kwa Nne

Kosa langu la kwanza katika kazi ya udresa lilikuwa kuhesabu mapigo ya moyo kwa robo dakika na kuzidisha kwa nne. Nililifanya karibu mwaka na nusu, na siku zote hizo nilijiona mwangalifu. Nalitaja mapema ili msomaji asinitafutie udhuru. Udhuru ninao mwingi, na nimekwisha kuutumia wote mbele ya nafsi yangu.

Dresa ni mfunga vidonda. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya katika dispensari ndogo ya Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, miaka michache baada ya vita ya pili ya Wazungu kwisha. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, kuta za udongo zilizopakwa chokaa na bati juu. Nilianza kwa kufagia na kuchemsha sindano. Shule ya utabibu sikuiona. Nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani huko kwetu Marui, upande wa Kisarawe. Herufi za Kizungu nilijifundisha kutoka kwenye magunia na makopo, na utabibu nikajifundisha kutoka kitabu kimoja cha Kiingereza ambacho mchwa walikuwa wamekila kuanzia jalada la nyuma. Nilikisoma kwa kamusi mpaka kurasa zilizobaki nikaziweza kwa kichwa. Dresa aliyenitangulia alipohamishwa, nikapewa nafasi yake, pamoja na saa ya mfukoni yenye mshale wa sekunde na daftari la wagonjwa.

Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu moja: kwamba siku yoyote atakuja mtu aliyefundishwa, aulize swali dogo tu, na kila kitu kiporomoke. Hofu hiyo niliificha ndani ya usafi. Daftari langu halikuwa na doa wala mkwaruzo. Nikikosea herufi moja nilinakili ukurasa mzima upya. Safu ya mapigo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, namba chini ya namba, zimesimama wima kama mistari ya mkonge kwenye shamba la jirani.

Robo dakika haikutokana na uvivu, ilitokana na haya. Wengi wa wagonjwa wangu walikuwa wazee, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Ningewezaje kumshika kifundo cha mkono mtu wa umri wa babu yangu, nikamnyamazia dakika nzima macho yakiwa kwenye saa, kama mtu anayemngoja aondoke? Kwetu mzee akifika mnaamkiana kwanza: shikamoo, marahaba, habari za huko, za shamba, za watoto, za mvua, na kila jibu huzaa swali jingine. Mimi niliamkia kikamilifu, mikono nimeikunja kifuani. Yakiisha hayo ndipo nilipoomba mkono, nikahesabu upesi robo dakika, nikaurudisha. Dresa wa kabla yangu alikuwa akimshika mgonjwa mkono tangu shikamoo mpaka habari za kuku. Nilimwona mtu wa soga, nikajiambia mimi sitafanya kazi kwa soga.

Wapo wazee ambao mapigo yao hayakwenda sawa. Yalikuja matatu ya haraka, likakosekana moja, likaja moja zito, yakafuata mawili membamba ambayo huna hakika kama umeyashika au umeyawaza. Mara ya kwanza nilipokutana nayo, kwa mzee mmoja wa kijiji cha Sofu aliyejikata na jembe, nilidhani kidole changu kimekufa ganzi. Nikahesabu tena, nikapata namba nyingine. Nikahesabu mara ya tatu, nikapata nyingine tena. Kitabu kilisema mtu mzima mwenye afya ana mapigo sabini hivi, na ukurasa ambao huenda ungesema zaidi ulikuwa tumboni mwa mchwa. Nikaamua kwamba kosa ni langu. Nikachagua namba iliyokaribia ile ya kitabu, nikaandika sabini na mbili. Walipokuja wengine wa namna ile nilikuwa tayari najua la kufanya.

Kila mwezi alipita tabibu kutoka Kisarawe kukagua. Alikuwa Mwafrika, mtu mfupi, mpole, aliyesomea utabibu kweli kweli. Watu walimwita daktari. Alifunua daftari langu, akaona safu zilivyonyooka, akasema, "Kijana, laiti na wenzako wangeandika hivi." Maneno hayo niliyarudia kichwani siku nyingi. Nayaandika hapa kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nifanye nililomfanyia bibi yangu.

Bibi mzaa mama ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki kabla sijaanza kutambaa, na baba alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga, hakurudi. Nilikulia mgongoni mwa bibi, baadaye nyuma yake shambani, baadaye mbele yake nikibeba kuni. Kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, tulitaniana. Aliniita mume wangu, akanilaumu mbele za watu kwamba simnunulii khanga. Nami nilimwambia nitamwacha kwa sababu meno yake yamebaki mawili na hayaelewani.

Mwaka wa pili wa kazi yangu, mihogo ilipokuwa imekwisha kukauka juu ya mapaa, alikuja Kibaha bila kunipa habari. Alitembea mpaka Kisarawe, akapata lori la mkaa mpaka Dar es Salaam, akapanda basi la Morogoro. Alishuka mbele ya dispensari na kikapu cha korosho, akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta kwa muda mrefu kabla hajaweza kusema.

"Mume wangu, umekonda," akasema mwishowe. "Hiyo kazi inakulisha, au wewe ndiye unayeilisha?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sikukuuliza shikamoo."

Nikamwuliza kilichomleta. Akanipa habari za kijiji kwanza, nani amezaa, nani ameachwa. Halafu akaweka kiganja kifuani.

"Huku ndani kuna mambo. Nikipanda kile kilima cha kisimani moyo unakurupuka kama kanga aliyeona mwewe. Nikikaa unatulia, halafu unakurupuka tena, na hakuna aliyeusumbua. Na pumzi inakatika."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli. Wala si mimi peke yangu. Shoga yangu hapo jirani naye wake uko hivyo hivyo. Tukikaa kumenya mihogo tunashindana, wangu unaruka hivi, wake unaruka vile. Ni uzee. Lakini nimesema mume wangu ni mganga, kwa nini nisije nikapimwa kama wake za watu?"

Nikamketisha kwenye benchi ndani, nikatoa saa. Nilitaka anione nikifanya kazi. Nikamshika kifundo cha mkono, mkono ulionilisha, nikahesabu robo dakika nikapata ishirini na moja. Nikahesabu tena: thelathini. Nikahesabu tena: ishirini na sita. Jasho likanitoka mgongoni.

"Mbona unahesabu kama mtu aliyeibiwa kuku?" akasema.

Niliona aibu. Nilikumbuka alivyowaambia majirani Marui kwamba mjukuu wake anatumia saa. Nikaifunga saa, nikachukua kalamu, nikazidisha ishirini na moja kwa nne. Nikaandika themanini na nne.

"Si kitu, bibi. Ni uchovu wa safari," nikamwambia.

"Haya. Mganga amesema."

Aliamini. Hilo ndilo siwezi kulizunguka. Hakuamini kwa sababu ya saa wala koti jeupe. Aliamini kwa sababu tangu nilipokuwa mdogo sikuwahi kumdanganya jambo kubwa.

Kesho yake tabibu alifika. Haikuwa siku yake ya kawaida. Alikuwa akielekea Mlandizi kuangalia watoto waliopata surua, akasimama kunywa maji. Bibi alikuwa uani amekaa kwenye mkeka, anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi," tabibu akamwamkia.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mkubwa wa mume wangu?"

"Ndiyo mimi."

"Mbona mfupi hivi? Nilivyosikia anavyokuogopa nilidhani utainama mlangoni."

Tabibu akacheka mpaka akashika ukuta. Bibi akamwita karibu, akamjazia kiganja korosho za kukaanga. Alisimama pale anatafuna, wakaulizana habari za Kisarawe, na mkono wa bibi ulikuwa mbele yake kwa umbali wa hatua moja. Halafu akaingia ndani, akafunua daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya mapigo, kidole kikapita juu ya ile themanini na nne kikaendelea chini.

"Una mgonjwa yeyote unayemtilia shaka?" akaniuliza. "Nina nafasi kidogo."

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujibu vingine. Nakumbuka wazi nilivyofikiri. Nikisema bibi yangu, atashika mkono wake, atahesabu, atapata namba moja ya kweli, halafu atatazama daftari. Atajua sijui kuhesabu. Huenda ataanza kutazama na kurasa nyingine.

"Hapana, daktari," nikasema. "Wote ni salama."

Akaniaga, akaondoka na korosho mfukoni. Bibi alikaa siku nne, akanifulia nguo zote hata zile safi, akarudi Marui.

Haikupita miezi miwili, binamu yangu alifika na baiskeli asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Alisema bibi alikuwa ameinuka kutoka kwenye kinu akitwanga mihogo, akasema neno ambalo halikueleweka, akaanguka ubavu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa. Mdomo umekwenda upande. Hasemi.

Nikafunga dispensari. Nilipopita Kisarawe nilikwenda kwa tabibu, nikamwambia bibi yangu amepooza. Hakuniuliza mengi. Alichukua mkoba wake, tukaenda kwa gari la mpimaji wa misitu mpaka njia ilipoishia, kisha kwa miguu. Nyumbani tulimkuta mjomba, kaka wa mama yangu, amekaa mlangoni. Walikuwa wamekwisha kumsomea na kumfukiza ubani, kwa kuwa watu walisema amepitiwa na upepo mbaya. Mjomba aliinuka, akampisha tabibu.

Bibi alikuwa amelala kitandani, jicho moja limefunguka kuliko jingine. Aliponiona mdomo ulitembea. Ikatoka sauti moja, kama ya mtu anayeita kutoka mbali na upepo unaichukua. Nilimsubiri amalize. Hakukuwa na mwisho wake.

Tabibu alikaa kitandani, akamshika mkono. Aliamkia, "Shikamoo, bibi," kisha akaanza kumwambia habari za njiani, tulivyokuja, gari lilivyokwama, jinsi mjukuu wake alivyosukuma mpaka akapoteza kiatu. Alizungumza polepole na bibi alimsikiliza. Alipoondoa jicho kwenye saa yake ndipo nilipojua kwamba muda wote ule alikuwa anahesabu. Nikamkumbuka yule dresa wa kabla yangu, aliyeshika mikono ya watu mpaka habari za kuku. Kumbe naye alikuwa akihesabu.

Tulitoka nje. "Mapigo yake hayana mpangilio hata kidogo," tabibu akasema. "Yako hivi tangu lini?"

"Labda tangu leo," nikasema.

Hata pale, na yeye amelala ndani hivyo, nilisema hivyo.

Tabibu aliniangalia. "Alikuja Kibaha. Nilikula korosho zake. Ulimpima?"

"Nilimpima."

"Uliandika ngapi?"

"Themanini na nne."

Aliirudia namba ile. "Unajua kitu kimoja? Niliwahi kulifikiria daftari lako nikiwa njiani, nikasema kuna jambo linanisumbua ndani yake na silioni. Sasa nimeliona. Sitini na nane, sabini na mbili, sabini na sita, themanini. Watu wote wa Kibaha mapigo yao yanagawanyika kwa nne."

Alikaa juu ya kinu kile kile, akanieleza, si kwa ukali, na ningefurahi angekuwa mkali. Alisema moyo una vyumba vya juu na vya chini. Kwa watu wengi wanapozeeka, vyumba vya juu huacha kupiga, hutetemeka tu, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Vya chini hupokea amri zisizo na utaratibu, ndiyo maana ukishika mkono huoni mdundo ulio sawa. Na damu ikikaa kule juu bila kusukumwa huganda, na bonge likichomoka linaweza kupanda kichwani.

"Ni ugonjwa wa nadra?" nikauliza. Nilitaka aseme ndiyo.

"Nadra? Ingia wodi yoyote ya wazee, anza kitanda cha kwanza. Kwa vijana ni nadra. Kwa watu wa makamo utamwona mmoja, utakaa, utamwona mwingine. Ukifika kwa watu wa umri wa bibi yako hushangai tena. Kadiri mtu anavyoishi ndivyo moyo unavyozidi kuelekea huko. Zamani wengi ndui na njaa viliwawahi. Sasa watu wanaanza kuzeeka, na sisi tutauona zaidi na zaidi. Wenyewe hawasemi, wanadhani ndio uzee."

"Ningekuonyesha siku ile, ungeweza kumzuilia hili?"

Alifikiri sana. Namshukuru kwa kufikiri, ingawa wakati ule nilimchukia. "Kuna dawa ya kupunguza zile mbio. Pumzi ingekuwa nzuri zaidi, angepanda kilima chake. Kuhusu hili lililompiga, sijui. Huenda lingekuja vilevile. Nisikudanganye."

Kwa hiyo sina hata hakika ya hatia yangu. Watu wengine wanaona hiyo ni faraja. Mimi ningependa kuambiwa moja.

Niliomba ruhusa, nikabaki Marui. Kazi ya kumgeuza bibi, kumwosha na kumlisha tuligawana mimi na mke wa mjomba. Mchana mmoja yule shoga yake alikuja kumwangalia, mama mzee mrefu, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Walikuwa wameolewa mwaka mmoja na kuzika waume mwaka mmoja. Alimsimulia bibi habari za mihogo yao kana kwamba anajibiwa. Alipoinuka kuondoka nikampa mkono kumuaga, na sikuuachia.

"Mjukuu wangu, huo mkono ukiurudisha nitashukuru," akasema. "Nina mwingine lakini huu nimeuzoea."

"Subiri kidogo, bibi. Habari za kuku?"

"Kuku? Kuku wanaendelea. Mmoja ameangua, mwingine mwizi, anataga kwa jirani." Akaendelea, na chini ya kidole changu nikasikia yale yale: matatu, hakuna, moja, mawili membamba. Dakika nzima. Hayakugawanyika kwa kitu chochote.

Alitazama kitandani, akanitazama mimi. "Moyo wangu uko kama wake?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi nitakuwa hivi?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasema mbele ya mtu, "Sijui." Nikamwambia tabibu wa Kisarawe ana dawa, na kwamba nitampeleka mwenyewe kwa baiskeli ya binamu. Alisema hajawahi kupanda baiskeli na hataki kufa kwa sababu ya kijinga kabla ya ile ya maana. Keshokutwa yake akapanda, amejifunga khanga mbili, ananikemea njia nzima.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Marui, kila aliyekuja kumwangalia mgonjwa na mwenye mvi, nilimshika mkono. Ijumaa watu wakipeana mikono baada ya sala, mimi nilichelewesha foleni. Mzee mmoja aliniuliza kama namchumbia, akasema niende kwanza nikaseme na wajomba zake. Sitaandika hesabu, kwa kuwa niliowashika ni wale niliowafikia tu, na nimekwisha kuharibu namba za kutosha. Nitasema hivi: walikuwa wengi kuliko nilivyokuwa tayari kuwaona, na kadiri nywele zilivyokuwa nyeupe ndivyo nilivyowapata kwa urahisi zaidi. Nikiwauliza, karibu wote walijibu neno moja. Kwani wa wenzangu hauko hivi? Walikuwa wamezeeka pamoja, mioyo yao ikapotea njia pamoja, hakuna aliyeona ajabu. Na mimi niliyekuwa na saa niliwanyooshea wote wakawa sabini na mbili.

Bibi aliishi baada ya pigo lile muda wa mavuno mamoja. Sauti haikurudi. Mkono wa kushoto ulibaki mzima, na kwa mkono huo alinipiga kofi dogo la utani nilipokosea kumfunga khanga, na mara moja alinionyesha meno yake mawili kwa kidole, akainua nyusi, ili nijue anakumbuka ninavyomsema. Nilicheka. Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya choo mpaka nilipoweza kurudi.

Nilijua lazima nimwambie. Niliahirisha kila siku, na kila siku nilipata sababu safi ya kuahirisha: amechoka, ana wageni, uji umepoa. Alasiri moja, tukiwa wawili, nikimlisha uji wa mtama, nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile Kibaha mapigo yake hayakuwa themanini na nne. Kwamba nilipata namba tatu na nikachagua ile iliyonipendezesha. Kwamba daktari mfupi aliniuliza kama nina mgonjwa wa kutilia shaka, na yeye alikuwa pale uani anachagua mchele, nikasema sina. Kwamba niliogopa kuonekana sijui.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jicho lile lililofunguka zaidi likiwa usoni pangu. Nikainua kijiko. Akakisukuma kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka kikarudi kwenye bakuli, akageuza uso ukutani.

Nimelifikiria tendo lile mara nyingi kuliko jambo lolote. Alikuwa amekula zaidi ya nusu ya bakuli, na siku nyingine pia alikataa kuanzia hapo. Huenda alikuwa ameshiba tu. Huenda alielewa kila neno. Huenda alielewa, akanisamehe, na alikuwa ameshiba. Sikuuliza, maana angenijibu kwa sauti ipi? Kesho yake alikula uji wote, akalala, akaamka, akalala. Siku ya tatu adhuhuri mke wa mjomba aliingia kumgeuza, akatoka ameshika mdomo.

Walipoiosha maiti yake sikuwepo, kwa kuwa ni kazi ya wanawake, lakini kabla hawajaingia nilishika kifundo chake cha mkono. Sijui nilikuwa natafuta nini. Tulimzika jioni ile ile.

Niliporudi Kibaha nilimwandikia tabibu barua, nikamweleza yote, hata lile jibu la "hapana". Nikamwomba ruhusa nichane kurasa zote nianze upya. Alikuja mwenyewe. Alisema hakuna kuchana kitu. Alinikalisha nikapiga mstari mmoja katikati ya kila namba niliyoibuni, ya kila mzee niliyemkumbuka, na pembeni nikaandika: haikupimwa sawa. Ilituchukua siku nzima, na daftari likawa chafu kuliko la dresa yeyote wa wilaya. Alinikaripia mara moja tu, nilipofika kwenye ukurasa wa bibi na kusita. Akasema, "Na huo."

Hakunifukuza. Mpaka leo sijui kama alifanya vyema.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Shoga yake bibi bado yuko, anameza dawa yake, anapumzika mara mbili kwenye kilima cha kisimani badala ya mara tano. Wazee kadhaa wa Sofu na Mlandizi nimewapeleka Kisarawe. Wengine wamepata nafuu, wawili wamepooza hata hivyo. Siku hizi nahesabu dakika nzima, naandika ninachokishika hata kikiwa hakieleweki, na tabibu akiniuliza kama nina mgonjwa ninayemtilia shaka, namtajia majina. Marui, kwenye kaburi la bibi, nimekwenda mara mbili tu.